Mama Mwanya wa Lucky Summer

Mvua za El Nino zilipokwisha, mapema mwaka wa tisini na nane, ziliacha mtaa wa Lucky Summer umejaa mizoga ya vyombo vya umeme. Mto ulio bondeni ulikuwa umefura ukaingia nyumba za chini, ukakaa sebuleni mwa watu kama mgeni asiyejua kuaga. Maji yalipotoka, friji zilikuwa zimekufa, redio zikakoroma kidogo zikanyamaza, majiko ya umeme yakaota kutu, na kuku wakaanza kutagia ndani ya televisheni. Basi watu wakavibeba wakavitupa katika uwanja ulio kati ya kanisa na barabara ya vumbi, na lundo likakua mpaka likawashinda kimo.

Zedekiah Mulama alilipita lundo hilo kila asubuhi akienda kazini. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, aliyekwisha pita hamsini. Ujana wake wote aliumalizia katika karakana ya reli akichomelea mabehewa, mpaka shirika lilipopunguza wafanyakazi na jina lake likawa miongoni mwa waliopunguzwa. Sasa alichomelea mageti na vyuma vya madirisha katika kibanda cha Masinde, kule barabara ya Baba Dogo, na usiku alilala peke yake katika chumba kimoja.

Si kwamba hakuwa na mke. Mkewe, Elsie, ambaye watu walimwita Mama Triza kwa jina la binti yao aliyekwisha olewa, alikwenda nyumbani Lugari kumuuguza mama mkwe aliyepooza upande mmoja. Mama mkwe akafariki, akazikwa, matanga yakaanuliwa, naye Zedekiah akarudi Nairobi akimwacha mkewe amalizie mambo ya nyumbani. Mambo hayo hayakuisha. Mara ni mahindi, mara ng'ombe amezaa, mara amechaguliwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama. Miaka ikapita. Kila Krismasi Zedekiah alikwenda, akachinjiwa kuku, akacheka na mkewe, na kila mara akaondoka bila kulitoa lile neno lililomkaa kooni: utarudi lini? Aliona aibu kuuliza. Na yeye kurudi nyumbani kabisa, mzee wa reli aliyeachishwa kazi, hana hata baiskeli ya kuonyesha, hilo hakutaka hata kuliota.

Alimtamani kwa namna ambayo hangeweza kumweleza mtu. Alilala ukingoni mwa kitanda, upande wa ukutani akauacha wazi. Jioni alifungua mlango akiwa na kisa cha mchana ulimini, cha Masinde na mteja mbishi, kisha akakumbuka hakuna wa kumsimulia, na kisa kikamfia mdomoni.

Jumamosi moja alasiri alikuwa ameketi nje ya chumba akisafisha viatu aliposikia sauti ya Norah. Norah alikuwa jirani yake wa ukuta kwa ukuta tangu siku za Elsie, mjane kutoka Siaya, aliyekaanga samaki kando ya uwanja. Mara nyingi, akifunga biashara, alimletea Zedekiah kipande kwenye sahani iliyofunikwa.

"Lenah! We Lenah!" Norah alikuwa akiita. Lenah alikuwa mjukuu wake, mtoto wa miaka mitano. "Baba Triza, umemwona Lenah? Walikuwa wakicheza kujificha. Wenzake wote wametoka."

Zedekiah aliacha kiatu kimoja hakijapakwa rangi akaenda kwenye lundo. Alisimama, akawaashiria watoto wanyamaze. Mwanzo hakusikia kitu. Kisha akasikia mdundo hafifu, wa ngumi ndogo ikipiga bati kutoka ndani.

Ilikuwa friji kubwa ya zamani, ya aina ile yenye kitasa kinachojifunga chenyewe, na jiko la umeme lilikuwa limeuporomokea mlango wake. Zedekiah alilisukuma jiko kwa bega, akauvuta mlango kwa mikono miwili. Mtoto akatoka ameloa jasho, macho yamemtoka, anaivuta pumzi kama aliyetoka chini ya maji. Norah aliketi palepale kwenye tope, akamzaba kofi moja, kisha akamkumbatia akalia kwa kwikwi.

Jioni hiyo watu wakakusanyika uwanjani. Mmoja alisema lundo lichomwe moto. Mwingine akasema tungoje lori la baraza la jiji, na wote wakacheka kicheko kisicho na furaha. Zedekiah, ambaye hakuwa na mazoea ya kusema mkutanoni, alisema, "Ile friji nitaifunga mimi. Nitaichomelea pande zote. Hakuna mtoto atakayeingia tena."

Masinde akamwazima mashine ya kuchomelea, pasta akakubali waya uvutwe kutoka kanisani, na Jumapili baada ya ibada Zedekiah akaanza. Aliisimamisha friji wima juu ya mawe, akaung'oa mlango, akaugeuza, akauchomelea mpaka hata siafu asingepata pa kupenya. Alipomaliza akarudi nyuma kutazama. Kijana mmoja aliyekuwa akipita akapachika birika bovu juu yake.

"Mzee, cheki!" akasema. "Hiyo friji imekuwa mathe amesimama akingoja mtu!"

Watu wakacheka kusikia friji ikiitwa mama. Zedekiah hakucheka. Maisha yake yote alikuwa amekata chuma kwa kipimo cha mtu mwingine: urefu huu, upana huu, peleka. Sasa alikitazama kitu kile kilichosimama bila kichwa wala mikono, akahisi viganja vinamwasha.

Jumapili iliyofuata alikuja tena, hakuitwa na mtu. Alikata mbavu za majiko akazipanga chini ya friji zikawa sketi. Shingo aliitengeneza kwa bomba la jokofu, mabega kwa matumbo ya pasi. Watu walianza kwa kumtazama tu, wakamaliza kwa kumsaidia. Vijana walishikilia mabati, akina mama walipiga msasa kutu. Wengine walileta vitu ambavyo hawakuwa wamevitupa. Mwanamke mmoja alileta pasi aliyopewa siku ya harusi yake, akaomba iwekwe upande wa barabara ili aione akitoka kazini. Mzee mmoja alikuja na redio ya marehemu kaka yake, akaishika muda mrefu kabla ya kuitoa mikononi. Zedekiah aliiweka kifuani.

Mkono mmoja aliukunja ukaegemea kiunoni. Mwingine aliuacha uning'inie, vidole vyake panga za feni.

Uso ulimshinda kwa majuma mengi. Aligonga bati la kwanza, akapata uso wa sanamu ya kanisani, akaubondabonda. La pili likawa uso wa mtu mwenye maumivu ya jino. Mwishowe akachukua ubavu wa jiko, bati jeupe, akakaa nalo kwenye mawe, akaanza kuligonga taratibu kwa nyundo ndogo bila kufikiria. Mashavu yakainuka. Kidevu kikachongoka. Ili kupata meno, alichukua vitufe vyeupe vya kuwashia jiko akavipanga, na pale katikati, juu, mkono wake ukaacha nafasi.

Alipoupandisha uso na kuufunga kwa misumari ya riveti, uwanja ulikuwa na watu wengi. Wakapiga makofi, watoto wakaruka. Norah alikuja kutoka kwenye karai lake la samaki akijifuta mikono kwa leso. Alisimama mbele ya sanamu. Akautazama mwanya ule wa meno, akautazama mkono ulioshika kiuno.

"Huyu ni Mama Triza," akasema.

"Nani?" Zedekiah aliuliza, na papo hapo akaona. Alikuwa Elsie kabisa, hata mwanya wake wa meno. Alikuwa Elsie akiwa mlangoni, yuko karibu kucheka au karibu kugomba, hujui lipi litatangulia.

"Hukujua?" Norah akauliza kwa sauti ya chini.

"Haki ya Mungu, sikujua."

Norah alitikisa kichwa, akarudi kwenye karai lake. Jioni hiyo sahani iliyofunikwa haikuja, wala kesho yake. Zedekiah alidhani samaki wameadimika.

Watoto waliiita sanamu Mama Mwanya, na jina likashika. Watu wa Baba Dogo walikuja kuitazama. Ukimwelekeza mgeni ulisema, "Shuka kwa Mama Mwanya, uingie kushoto." Na Zedekiah akawa na desturi mpya. Akitoka kazini hakwenda chumbani moja kwa moja. Alipitia uwanjani, akasimama kidogo mbele ya chuma kile, akakisimulia mambo ya mchana kimoyomoyo. Kilimsikiliza vizuri. Lakini alipokigusa shavu kilikuwa baridi, naye alikwenda kulala akiwa na hamu kubwa kuliko aliyoamka nayo.

Pasaka ikafika. Jumamosi, Zedekiah alitoka kununua sukari, akaona mwanamke amesimama mbele ya sanamu, ameweka kikapu chini, mkono kiunoni. Kwa dakika nzima hakujua yupi ni chuma na yupi ni mtu.

"Mama Triza," akaita.

Elsie hakugeuka. "Umenifanya mnene," akasema.

"Umekuja lini? Mbona hukuleta habari?"

"Umenifanya mnene, halafu ukaniweka kando ya barabara nipigwe vumbi." Sasa akageuka, na macho yake yalikuwa yamelowa. "Kweli ni mimi. Niliambiwa, nikasema watu wa Nairobi wana uongo. Kweli ni mimi."

"Nani alikuambia?"

"Norah. Alituma neno na watu waliokuja mazishi Turbo, karibu na kwetu. Alisema, mwambieni Mama Triza aje ajione, kwa sababu mume wake hawezi kuongea ila kwa chuma."

Zedekiah alitazama upande wa karai. Norah alikuwa amewapa mgongo, anapanga samaki wake mmoja mmoja, kana kwamba samaki hao wangetoroka. Ndipo ule ukimya wa majuma yale, na zile sahani zilizokoma, vikamjia vyote kwa pamoja akavielewa. Sahani zile hazikuwa za ujirani tu. Akainama akachukua kikapu cha mkewe.

Chumbani Elsie alikaa kitandani, akatazama huku na huku. Zedekiah akampa chai, naye akaiweka kando akauliza.

"Lile bati limekuchukua muda gani?"

"Miezi miwili hivi. Jumapili tu."

"Jumapili za miezi miwili umelishika uso." Alikuwa haongei kwa hasira, ingekuwa hasira ingekuwa rahisi. "Mimi ukija Krismasi unakaa siku nne, unatazama ng'ombe, unasifu mahindi, unaondoka. Hata siku moja hujaniuliza kama nitarudi."

"Nilidhani utarudi ukiwa tayari."

"Nami nilidhani utanifuata ukichoka."

Zedekiah alitazama mikono yake, ile iliyojaa alama za cheche. "Nilichoka zamani," akasema. "Ningekuja na nini? Watu wangesema nini? Mulama alikwenda Nairobi na sanduku, amerudi na sanduku lilelile."

"Watu!" Elsie akasema. "Watu hao wamekuwa wakiniuliza mimi kama bado nina mume. Nawajibu yuko kazini. Wananitazama hivi." Akafunga macho nusu, kama wanavyotazama watu wenye huruma ya bandia, na Zedekiah akajikuta anacheka. Elsie naye akacheka, mwanya ukaonekana, kisha kicheko kikageuka kilio, naye Zedekiah akamsogelea akakaa karibu naye. Kwa mara ya kwanza Elsie hakumtaka aseme.

"Mimi sirudi huku," Elsie alimwambia baadaye. "Nikuambie ukweli. Mwanzo nilibaki kwa ajili ya mama yako. Sasa nimebaki kwa ajili yangu. Kule ninajulikana. Nikipanda, kinaota. Huku nilikuwa nahesabu mabati ya dari nikikungoja utoke kazini. Sirudi. Lakini kitanda changu kule kina upande mmoja wazi."

Jumanne aliondoka, maana mahindi yalikuwa yameota na palizi haingoji mtu. Hakumwomba Zedekiah ahadi, na Zedekiah hakuitoa. Siku kadhaa alikwenda kazini na kurudi kama kawaida. Alipita uwanjani, akasimama mbele ya Mama Mwanya kama alivyozoea, lakini alipotaka kusimulia hakupata neno. Lilikuwa bati zuri, kazi safi, na watoto walikuwa wamelivika taji la maua ya mwituni. Halikuwa lake tena. Lilikuwa la mtaa.

Mwezi wa sita akamaliza mageti ya mteja wa mtaa wa Fedha, akamuaga Masinde, ambaye alimfungia nyundo mbili na koleo kama zawadi. Asubuhi ya kuondoka alikwenda kwa Norah. Mafuta yalikuwa bado hayajachemka.

"Mama," akasema, kisha akakwama, maana aliyotaka kuyasema hayakuwa na mlango wa kutokea. "Nakushukuru kwa samaki. Na kwa lile neno ulilotuma."

Norah aliendelea kupuliza moto. "Ulimtoa mjukuu wangu kwenye lile sanduku," akasema. "Sikuweza kukuacha ndani ya lako. Nenda, Baba Triza. Mimi nitakuwa nawafukuza watoto wasimpande mama yule shingoni."

Aliondoka. Hakugeuka kutazama, na alijua Norah naye bado ameinamia moto wake.

Alifika Lugari alasiri, akakuta nyumba imefungwa. Mtoto wa jirani alimwambia Mama Triza yuko kwenye mkutano wa akina mama, hajulikani atatoka saa ngapi. Zedekiah aliweka sanduku chini ya upenu, akakaa juu yake. Watu wakapita njiani, wakamsalimu, wakauliza kama amekuja likizo.

"La," akawajibu. "Nimekuja nyumbani."

Wakatazamana, wakaenda zao. Alitarajia neno hilo limchome alipolisema, na kweli lilimchoma kidogo. Kisha akamwona kwa mbali, kwenye kijia kati ya mahindi, mwanamke mwenye kitambaa cha kijani kichwani. Na Elsie akamwona. Alisimama. Hakukimbia wala hakuita. Alikuja kwa mwendo wake uleule, akiyasogeza majani kwa mkono, naye Zedekiah akainuka akasimama, asijue mikono yake aiweke wapi. Elsie alipofika mbele yake alimtazama yeye, akalitazama na sanduku.

"Sogea," Elsie akasema, akitafuta ufunguo kwenye fundo la leso. "Nifungue mlango."