Mwenyekiti wa Waifai

Mfereji ulipokauka, Eliasi alibaki na uenyekiti wake kama mtu aliyeshika kamba wakati punda ameshakwenda zake. Miaka yote yeye ndiye alikuwa mwenyekiti wa kamati ya mfereji, pale juu ya Usa River kwenye miteremko ya Meru, na watu walimwogopa. Ukimkosea, banio linafungwa, maji hayaji kwako, migomba inakunja majani. Kisha wenye mashamba makubwa huko juu wakaweka mabomba yao, maji yakawa hayafiki kabisa. Kuanzia hapo hakuna aliyemwamkia Eliasi mara mbili kwa asubuhi moja.

Mama yake, Bibi Anande, alimwona alivyonyong'onyea. Alikuwa anashinda barazani na koti lake la suti, anaangalia mtaro mkavu, kuku wanataga humo humo. Mama akapiga magoti akamwomba Mungu ampe mwanawe shughuli. Mungu akasikia. Baadaye Bibi Anande alijilaumu kwamba hakufafanua ni shughuli ya namna gani.

Intaneti ikaja.

Ilikuja kwa waya, nguzo kwa nguzo, mpaka kwenye kihamba cha familia, lile shamba la ukoo lenye kahawa na migomba. Nyumba zenyewe zimepangana mteremkoni. Juu anakaa Eliasi, mtoto wa kwanza, na mkewe Rachel. Katikati anakaa Sifaeli, mwenye nyumba ndogo ya wageni, watalii wanamwandikia kwenye kompyuta. Chini kabisa, bondeni, anakaa Brayson na mkewe Vaileth, mwalimu wa sekondari. Brayson ni kitinda mimba, na mama hukaa kwa kitinda mimba, kwa hiyo Bibi Anande naye yuko huko. Bondeni simu haishiki kitu. Ukitaka kuongea na mtu unapanda mpaka kwenye kaburi la babu, na hapo napo unasikia nusu ya maneno, nusu nyingine unakisia. Ndiyo maana ndugu wote watatu walikubali kuchangia waya mmoja.

Fundi aliweka kisanduku cheupe chenye vitaa sebuleni kwa Eliasi, akaweka vingine vidogo vya kurushia kwenye nyumba za chini.

"Sasa hapa wazee wangu," alisema, "simu, kompyuta, televisheni, hata ziwe ishirini kwa pamoja, kisanduku wala hakisikii uzito."

Eliasi akacheka kwa pua. "Kijana, hata waliochimba mfereji walisema hautakauka."

Fundi akapewa mkungu wa ndizi, akaondoka na pikipiki yake. Jua halijazama, kamati ilikuwa imeshaundwa. Mwenyekiti Eliasi, katibu Rachel, wajumbe ni hao hao waliobaki. Waifai ikapangiwa zamu kama maji. Asubuhi nyumba ya juu, mchana nyumba ya katikati, jioni nyumba ya bondeni. Na kati ya mchana na jioni, zamu si ya mtu.

"Hiyo ni saa ya kujaza," Eliasi akaeleza. Zamani walikuwa na nduwa, bwawa dogo ambalo mfereji unalijaza wakati watu wamepumzika.

"Ijae wapi, kaka?" Sifaeli akauliza.

"Kwenye kisanduku."

"Kisanduku chenyewe kidogo vile?"

"Ndiyo maana kinajaa haraka. Kingekuwa kikubwa tungekipumzisha siku nzima."

Hakuna aliyebisha tena. Msiwacheke. Hawa wamelelewa na mfereji, wanajua kabisa kwamba kitu kikifunguliwa kwa wote, wa chini anabaki na matope. Hata Sifaeli mwenyewe, siku video ilipomkwamia, alitoka nje akatazama juu mteremkoni kwa jicho lile lile alilotazamia zamani maji yakipungua.

Zamu ikiisha, Eliasi anapuliza pembe ya baba yake, ile ile ya mfereji. Halafu anaingia ndani kufunga banio. Anafungaje? Hiyo ilikuwa siri ya kiti. Akitoka anatangaza, "Imefungwa!" na watu wanazima. Atakayekamatwa anatumia nje ya zamu, faini kreti la soda. Zamani faini ilikuwa mtungi wa pombe, lakini siku hizi wote wameokoka.

Bibi Anande alikuwa anatii kuliko wote. Mjukuu wake Diana alimletea simu moja pana kama sahani ya wali, ya kuonana uso kwa uso. Pembe ikilia, bibi anaizima kabisa mpaka inakuwa nyeusi, anaifunga kwenye khanga, anaiweka kabatini pamoja na gauni la meza ya Bwana. Alikuwa na sababu. Zamani marehemu mume wake alitoboa ukingo wa mfereji usiku akaiba maji, akakamatwa, na aliyebeba mtungi wa faini kichwani, mchana kweupe, mbele ya ukoo mzima, alikuwa yeye Anande, mke mpya aliyetoka Machame juzi tu. Shingo yake bado inakumbuka.

Sasa Diana. Huyu ni mtoto wa binti yake bibi aliyefariki, bibi mwenyewe ndiye aliyemlea. Ameolewa na kijana anaitwa Hans, wanaishi Mbeya. Mtoto wao wa kwanza wa kike alichukua jina la upande wa baba, ndivyo inavyotakiwa. Wa pili akazaliwa juzi, naye ni wa kike, na jina ni la upande wa mama. Mama yake Diana hayupo, na bibi ndiye aliyeshika nafasi yake. Basi jina ni Anande.

"Ila bibi, kuna tatizo," Diana alimwambia jioni moja kwenye ile simu pana. "Shangazi yake Hans ana jina lake, amelitoa kwenye tamthilia. Anasema Anande ni jina la kizee."

"Si la kizee. Mimi ndiye nimezeeka, jina halijazeeka."

"Nimeongea na mchungaji. Jumapili akiuliza jina, wewe utalitaja mwenyewe kwa video, kanisa zima lisikie. Ibada ni saa nne. Lakini bibi, usipoonekana shangazi yuko mstari wa mbele, na ana sauti."

Bibi Anande hakulala vizuri. Magoti yake hayawezi kukaa kwenye basi mpaka Mbeya. Na Jumapili saa nne ni zamu ya nyumba ya juu.

Asubuhi akachukua fimbo akapanda.

"Shikamoo mama," Eliasi akasema, akainuka na suti yake.

"Marahaba mwanangu. Nimekuja kuomba zamu yako ya Jumapili."

Eliasi akakaa tena, taratibu, kama anavyokaa mtu aliyeletewa kesi. "Jumapili asubuhi? Mama, hiyo ni zamu ya juu."

"Si mtakuwa kanisani, nyumba nzima?"

"Tutakuwa kanisani."

"Sasa itakuwa inamtiririkia nani humu ndani? Paka?"

"Zamu ni zamu, mama. Hata maji, mwenye zamu akiwa kanisani, yalikuwa yanapita shambani kwake bure, na hakuna aliyegusa. Nikikupa wewe kwa sababu ni mama yangu, kesho watasema mwenyekiti ana upendeleo. Lipeleke kwa Sifaeli, akiridhia, kamati itakaa."

Akashuka kwa Sifaeli. Sifaeli akasema yeye hana neno, mradi mwenyekiti ameridhia. Akashuka kwa Brayson. Brayson akasema, "Mama, sisi wa bondeni tangu lini tuna sauti?" Vaileth, mkewe, ndiye aliyemfuata bibi jikoni akainama sikioni kwake.

"Mama, wewe siku hiyo washa tu."

"Pembe ikishalia?"

"Washa tu, mama."

"Mwanangu, nimeshabeba mtungi wa wizi kichwani mara moja. Sirudii."

Kamati ikakaa Jumamosi sebuleni kwa Eliasi, na ikakaa saa ya kujaza, kusudi pasiwe na atakayelalamika kwamba zamu yake imeliwa. Kisanduku kilikuwa juu ya kabati, kimefunikwa na kitambaa cheupe cha kufuma, kama zilivyofunikwa televisheni, redio na migongo ya makochi. Rachel akafungua kwa sala ndefu. Akawaombea viongozi wa nchi, wakulima, wasafiri, na wale wote wanaotamani visivyo vya zamu yao.

Sifaeli akasema hofu yake ni wageni: bondeni wakifungua asubuhi, je, mchana atakuta kitu? Rachel akasema leo ni ubatizo, kesho mwingine ataleta kipaimara, keshokutwa atakuja mtu na harusi. Brayson akaangalia viatu vyake. Bibi Anande alikaa na mikono mapajani, akawa anawaangalia wanawe mmoja mmoja, hao hao aliowaogesha kwenye karai moja, maji yale yale, wote watatu kwa pamoja.

"Kwa hiyo," Eliasi akasema, akakohoa, "kiti kinaona jambo hili ni zito. Tuunde kamati ndogo, ichunguze, ilete taarifa mwezi uja..."

Mfuko wa suruali wa Sifaeli ukalia.

Sifaeli akaukandamiza kwa mkono. Kabla haujanyamaza kifua cha Vaileth kikalia. Kisha soksi ya Brayson. Kisha mto wa kochi alioukalia Rachel ukaanza kutetemeka, naye akajifanya anakohoa. Na mwisho kabisa, kwa sauti kuliko zote, kwa wimbo wa kwaya, koti la suti la mwenyekiti.

Alikuwa Diana. Alipiga kwenye kundi la familia, anajaribu video ya kesho. Kila mtu alibonyeza kunyamazisha, na kwa vile walibonyeza kwa woga, walibonyeza kupokea. Uso wa Diana ukajaa kwenye kila simu, safi, haukwami hata ukope.

"Jamani, shikamooni! Naona wote mko hewani, afadhali! Mbona kama mko sebule moja? Bibi yuko wapi? Yeye tu ndiye simpati!"

Bibi alikuwa pale pale. Simu yake ndiyo iliyokuwa bondeni, kabatini, imezimwa, ndani ya khanga.

Sifaeli akamgeukia kaka yake.

"Kaka. Banio si umefunga?"

"Nimefunga."

"Umefungaje?"

Eliasi akatazama kabati. Wote wakatazama kabati. Sifaeli akainuka, akanyanyua kitambaa kwa vidole viwili. Chini yake vitaa vilikuwa vinakonyeza kwa raha zao.

"Unafunga intaneti kwa kitambaa?"

"Ni kizito hicho," Eliasi akasema. "Kimefumwa mara mbili."

"Nimekifuma mwenyewe," Rachel akaongeza.

Hapo ndipo mambo yalipomwagika. Kumbe Sifaeli alikuwa anajibu wageni asubuhi akiwa zizini, kati ya ng'ombe. Vaileth alikuwa anaingiza alama za wanafunzi chooni, na laptopu magotini. Brayson alikuwa anatazama mpira migombani, sauti ameitoa. Rachel alikuwa na tamthilia zake chini ya blanketi. Kila mmoja aliamini ni yeye peke yake ambaye kwa bahati kitundu chake kimesahaulika, na kila mmoja aliwatazama wenzake kwa huruma.

"Na wewe mwenyekiti?" Vaileth akauliza kwa adabu zote. "Hiyo ya kwenye koti?"

"Mimi nilikuwa nakagua," Eliasi akasema.

Bibi Anande akachukua fimbo yake, akasimama.

"Faini ni kreti kwa kila mwizi. Na sheria ya mfereji, faini inaenda kwa aliyeibiwa."

"Lakini mama," Eliasi akajitetea, "hii ni saa ya kujaza. Saa ya kujaza si zamu ya mtu. Nani ameibiwa?"

"Mimi. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa najaza."

Diana kule Mbeya alicheka mpaka wakasikia mtoto anaamka.

Jumapili walisali ibada ya kwanza, ile ya alfajiri, kisha wakashuka mteremko mmoja nyuma ya mwingine, kreti kichwani, majirani wamesimama kwenye ua wa kahawa wanahesabu. Eliasi alitangulia na suti yake. Bibi Anande aliwaangalia akiwa mlangoni, na shingo yake, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, ikawa nyepesi.

Saa nne simu zote zilikuwa wazi, na laptopu ya Vaileth, na kompyuta ya wageni, na televisheni ya kila nyumba. Bibi mwenyewe ndiye aliyeamuru. Moyoni bado alihofia litakuja tope. Halikuja. Mchungaji wa Mbeya akamshika mtoto, akauliza jina. Kwenye mstari wa mbele mama mmoja mwenye kilemba kikubwa akavuta pumzi.

"Anande!" bibi akapaza sauti, na jina likalia kanisani Mbeya, mtoto akastuka, maji yakamwagwa.

Eliasi alishindwa kujizuia. Akatoa pembe ndani ya koti, akapuliza.

"Hiyo nayo ni nini?" mchungaji akauliza.

"Usijali baba mchungaji," Bibi Anande akamjibu. "Ni mwenyekiti. Amefungua."

Soda zikanywewa zote, na majirani wakaitwa. Jioni, watu wakiwa bado wamekaa, Eliasi akakohoa, akasimama. Akasema ameona chupa tupu zimetapakaa huku na huko bila utaratibu, kila nyumba na zake, na kwamba zinatakiwa zirudi dukani zikiwa kamili. Je, wajumbe hawaoni kuna haja ya kamati?

Sifaeli akafungua mdomo abishe. Bibi Anande akamgusa mguu kwa fimbo.

"Mwache," akasema. "Shughuli hii niliiomba mwenyewe."