Mayai ya Mtaa wa Chini

Mayai yalikuwa arobaini na nane, na yangu manne tu. Mengine yaliletwa na majirani, kila mmoja na alama yake ya penseli: msalaba wa Bina Luyando, duara la mzee Hamoonga, mistari miwili ya mke wa mchungaji. Mtu analeta mayai, mimi nayatotolesha, na katika kila vifaranga vitatu kimoja ni changu. Ndivyo wazee wetu walivyokabidhiana ng'ombe. Ng'ombe walipoisha, tukabaki na kuku.

Mashine ya kutotoleshea niliitengeneza mwenyewe kwa friji mbovu ya dada, balbu mbili, feni ndogo na betri ya gari. Umeme ukiwepo, betri inajaa. Ukikatika, balbu zinaishi kwa betri mpaka kesho yake. Mwezi wa sita baridi ya hapa kwetu Monze haina adabu. Yai likipoa kwa muda mrefu, kifaranga kinafia humo humo na wewe nje huoni kitu.

Nilikuwa nimelala jikoni kwa dada Choolwe miaka minne. Aliniambia, "Twaambo, siku utakapokuwa na kuku wa kuuza, ezeka kile chumba cha nyuma, kiwe chako." Kuta zilikuwepo. Yakitotolewa yote, niliona, chumba nimekipata. Mara mbili za kwanza mayai yalikufa kwa sababu ya umeme, na watu walinivumilia. Mara ya tatu walinipa wakiniangalia machoni.

Umeme siku hizo ulikuja kwa muda wa saa tatu tu kwa siku, tangu saa nne asubuhi mpaka saa saba mchana, kwa sababu ziwa linaloendesha mitambo ya umeme lilikauka. Ukija, mtaa mzima unapiga kelele, na kila nyumba inawasha jiko kwa wakati mmoja, kila mtu apike nshima, ugali wetu, ya mchana na ya jioni kabla haujaondoka. Transfoma inalemewa, umeme unakuwa dhaifu, balbu inafifia kama kaa linalozimika na betri yangu haijai. Ndiyo maana Jumamosi moja tukakutana kwenye baraza la kanisa.

"Kuku mwenyewe huyo anakuja," akasema mzee Hamoonga aliponiona. Ukoo wake na wetu ni watani. "Mpeni nafasi, asije akataga hapa kanisani."

"Nikitaga, babu, utaatamia wewe. Kazi nyingine huna."

Watu wakacheka. Kisha wakaanza kulalamika, kama kawaida. Mmoja alisema umeme wetu unauzwa nchi za watu. Mwingine alisema migodini hauzimwi hata dakika. Bina Luyando, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, alikuwa na habari za shemeji yake anayelinda nyumba ya kompyuta huko karibu na kituo cha umeme.

"Nyumba haina madirisha," alisema. "Ndani hakuna mtu, ni kompyuta tupu, zinapigwa feni mchana kutwa."

"Zinafanya nini?"

"Zinahesabu."

"Zinahesabu nini?"

"Shemeji naye aliuliza. Wakamwambia alinde geti."

"Basi na mimi ningezaliwa kompyuta," akasema mzee Hamoonga. "Ningepepewa, nisiulizwe nahesabu nini."

Mwishowe tulikubaliana. Nyumba za mtaa wa juu zipike saa moja na nusu ya kwanza, sisi wa mtaa wa chini saa moja na nusu ya pili. Mimi peke yangu niliruhusiwa kuchaji betri muda wote, kwa ajili ya mayai yao. Tuliinua mikono. Nilitazama ile mikono na nikaamini.

Siku kumi mpango ulikwenda vizuri. Niliyageuza mayai asubuhi, mchana na jioni. Nilipoyamulika kwa tochi niliona mishipa, kisha giza likijaa, kisha giza lenyewe likijitikisa. Siku ya kumi na tisa tangu niyaweke mayai niliweka sikio nikasikia vifaranga vinagonga maganda.

Siku hiyo umeme ulichelewa. Saa nne ikapita, saa tano ikapita. Ulipofika karibu saa sita, watu walipiga kelele lakini si kelele za furaha. Kila mtu wa mtaa wa chini alikuwa amepiga hesabu: wa juu wakimaliza zamu yao, umeme hautakuwepo tena.

Dada akaweka sufuria ya kapenta, dagaa wetu, kwenye jiko la umeme.

"Dada, zamu yetu bado."

"Bina Luyando ameshawasha. Husikii vitunguu?"

Nilisikia. Vitunguu vilinukia kutoka kila nyumba. Ningeweza kutoka nje nikapiga kelele. Badala yake niliitazama betri, ambayo ilikuwa imebakiwa na nguvu kidogo sana, nikafikiri, umeme ukikatika sasa hivi nitayapasha mayai kwa chupa za maji ya moto. Nikachomeka birika. Birika tu, nikajiambia.

Maji hayakuwa yameanza kuimba. Ulisikika mlio mmoja mkubwa, kama mtu amebamiza bati, halafu tukasikia watoto wanakimbilia barabarani kuangalia moshi wa transfoma.

Sijui kama lilikuwa birika langu. Hakuna atakayejua.

Dada alipiga simu kampuni ya umeme. Sauti iliyorekodiwa ikamjibu kwamba malalamiko yake ni muhimu, abonyeze moja, abonyeze nne, kisha atume picha ya transfoma kwa simu.

"Wanataka picha ya maiti," akasema mzee Hamoonga, aliyekuwa amesimama nasi.

Kesho yake fundi alikuja kweli. Hakupanda ngazi. Aliitazama ile transfoma kutoka chini, akaandika, akasema stoo hakuna hata moja na mbele yetu kuna mitaa kumi na moja.

"Nani aliwasha kabla ya zamu?" Bina Luyando akauliza kwa sauti.

Watu wakaanza kurudi majumbani. Yeye naye akaondoka bila kurudia swali.

Betri ilikuwa imekufa usiku wa siku ile transfoma ilipolipuka. Nilichemsha maji kwenye mbaula, jiko letu la mkaa, nikajaza chupa, nikazifunga kwa kanga na kuzipanga kati ya mayai. Chupa zilikuwa za moto mno, kisha zikawa baridi, kisha mkaa ukapungua na dada akasema uliobaki ni wa kupikia. Alikuwa na haki. Niliyagusa mayai kwa shavu, moja moja. Yalikuwa kama mawe ya mtoni.

Siku ya ishirini na moja, ambayo yangepaswa kuanguliwa, moja tu lilikuwa bado linagonga. Lilikuwa na msalaba, la Bina Luyando. Nililitia kifuani, ndani ya nguo, nikalifunga kwa kitenge. Nilifagia nalo, nikasimama nalo kwenye foleni ya maji. Watu waliniuliza, "Vipi mayai?" nikasema bado. Lilinigonga mfupa wa kifua polepole, likapumzika, likagonga tena. Mchana Bina Luyando alinisalimia akaangalia pembeni.

Jua likielekea kuzama, tulikuwa tunachambua maharage na dada. Alikuwa akinisimulia habari za ndoa ya binamu yetu, na katikati ya maneno yake nikagundua kwamba kwa muda mrefu sijagongwa. Sikulitoa. Alikuwa bado anasimulia, na lilikuwa na joto, joto langu.

"Twaambo, unanisikia?"

"Nakusikia, dada."

"Nasema kesho uyatoe hayo mayai kwenye ile friji. Tutie mkaa humo, umande unaulowanisha huko nje."

"Sawa, dada," nikasema, nikaendelea kuchambua maharage.