Pasi Yenye Tai

Jana usiku usingizi ulinipitia bado nikiwaza namna ya kumwomba bosi ruhusa, nikaota nimeshafika kazini. Nina wiki ya pili tu pale, na bado niko kwenye majaribio. Eliwaza, dada wa kazi, amekwenda kwao kumuuguza mama yake, hatarudi kabla ya wiki tatu. Kituo kinachomlea mwanangu Tumsifu kinafungwa saa kumi na nusu. Mimi natoka saa kumi na moja. Nikiomba vibaya, kazi imeota mbawa.

Getini mlinzi ananisimamisha.

"Dada, sheria namba saba. Mambo ya nyumbani hayaingii kazini. Yatoe."

Nayatoa. Natoa harufu ya uji, natoa kikohozi cha Tumsifu cha juzi, natoa sauti yake akilia "mama usiende". Mlinzi anavipanga kwenye benchi. Sauti inaendelea kulia. Anaipa biskuti, haitaki.

"Bado kuna kitu," anasema, akininusa. "Mashuka yaliyopigwa pasi."

"Hiyo ni nyumbani kwa zamani," namwambia. "Kwa mama yangu."

"Aa, ya zamani ruksa."

Ndani si ofisini. Ni chumba cha kufulia cha hospitali alikofanya kazi mama: joto lilelile, mvuke uleule, redio inakoroma dirishani. Mama yumo, kijana kuliko mimi nilivyo sasa. Tangu tumzike miaka sita iliyopita sijamwota hata mara moja. Mgongoni amenibeba mimi, nina miaka miwili, nimelala fofofo.

"Msimamizi hakukatazi?" namuuliza.

"Nilimwomba. Amekuandika daftarini: shuka moja la ziada."

Kwenye kiti cha bosi wangu mpya, Bwana Mbwambo, imekaa pasi ya makaa iliyovaa tai.

"Shikamoo, bosi," naanza. "Samahani sana, najua mimi ni mgeni, wala sistahili, ila kama haitakusumbua, yaani ukiona inafaa..."

"Mikunjo mitupu," inasema pasi. "Sioni pa kupita."

Mama anacheka, kicheko chake kile cha kuziba mdomo kwa kiganja. Nilikuwa nimekisahau.

"Mwanangu, unamlilia nani? Mimi msimamizi nilimtajia siku, nikamtajia saa, nikanyamaza."

Navuta pumzi. "Naomba wiki tatu. Niingie saa moja asubuhi, nitoke saa kumi. Kazi yote nitaimaliza."

Pasi inapita juu ya maneno yangu mara moja tu. Yanalala sawa.

"Haya," inasema. "Sasa yanasomeka."

Namgeukia mama. "Una mjukuu. Hukumwona. Sauti yake iko pale getini."

"Nimeisikia," anasema, akikunja shuka. "Nitapita kumtandikia."

Niliamka saa kumi na mbili na nusu. Tumsifu, ambaye kila siku huamka amelivuruga shuka lote miguuni, alikuwa amelala katikati ya kitanda. Shuka lilikuwa limechomekwa pembe zote nne kihospitali, halina hata mkunjo mmoja. Pasi yangu iliungua tangu Pasaka. Nikaweka kiganja juu ya shuka, pembeni ya mtoto: la moto.

Nililia kidogo, sitaki kudanganya. Kisha nikachukua simu, nikampigia Bwana Mbwambo kabla shuka halijapoa.