Pini ya Upindo

Jasho lilimtoka fundi cherehani usoni na shingoni tu. Kutoka kifuani kushuka chini alikuwa mkavu. Kichwa kilimpwita hadi akaona nyota.

Tangu ajali ya gari imvunje uti wa mgongo, miguu yake ilikuwa haimwambii kitu. Ikiumia, presha ndiyo iliyopanda ghafla, na isiposhushwa upesi huua. Muuguzi alimkaririsha kama mtoto wa chekechea: keti wima, legeza mkanda, kagua mrija wa mkojo, tafuta kinachoumiza.

Aliketi wima kitini mwake. Akalegeza mkanda. Mrija haukujikunja, mfuko haukujaa. Sasa je? Mapajani alikuwa na gauni la bibi harusi, na mbele yake shangazi wa bibi harusi, mwanamke mwenye mdomo, akingojea upindo. Amwombe huyu? Wee! Mkewe alimruhusu kwa shingo upande kushinda dukani peke yake siku moja ya majaribio. Likitokea la kutokea, duka linafungwa, naye arudi kitandani kutazama dari.

“Fundi, mbona unavuja kama mtungi?”

Alitaka kusema ni joto. Nyota zikazidi. Akaogopa kweli, akameza fahari yake.

“Shangazi, nisaidie. Kuna kitu kinaniumiza huku chini na mimi sikisikii. Niondolee gauni nijitazame.”

Shangazi akavuta. Gauni likagoma. Akainama, akapiga ukelele.

“Yarabi! Umejibana pamoja na upindo!”

Kweli bwana, pini ilikuwa imepita kitambaa, suruali, na paja lenyewe. Akaichomoa. Haukupita muda, kichwa kikatulia. Shangazi alicheka mpaka akatafuta pa kukaa.

“Bibi harusi angeingia ukumbini na fundi kaning'inia!”

Fundi naye akacheka, kwa mara ya kwanza tangu hospitali.

Mkewe alipokuja kumchukua, fundi angeweza kunyamaza. Hakunyamaza. Alimweleza yote, hata nyota, kisha akangojea hukumu.

Mkewe alilichunguza paja, akasafisha kile kitundu, akainua macho.

“Ukamwomba yule mama? Wewe, mwenyewe?”

“Mwenyewe.”

“Miezi yote hii ukitokwa jasho, mimi unaniambia ni joto.”

Mkewe alifuta machozi kwa kiganja, huku akicheka.

“Haya,” alisema. “Kesho unafungua saa ngapi?”