Filamu ya Mama

Dada alikuwa anapiga pasi kola ya shati la mteja, mama yake alipoingia kwa mlango wa jikoni na kuketi. Walikuwa wamemzika msimu wa mvua uliopita, lakini kila jioni hakukosa kuja.

"Pasi imezidi moto," mama alisema.

Dada akaipunguza.

Mama aliugua muda mrefu. Dada ndiye aliyemgeuza kitandani asiote vidonda, akamlisha kwa kijiko, mpaka mchumba wake akachoka kungoja akaoa kwingine. Mdogo wake wa kiume alikuwa ng'ambo akisomea filamu. Hata mazishi hakuyawahi. Sasa alikuwa amerudi na filamu kuhusu kifo cha mama, aliyoitengeneza kwa kuungaunga na marafiki zake.

"Njoo sinema uitazame. Mlete na mama," alisema kwenye simu.

Wakaenda. Mkaguzi wa tiketi alimwambia mama aangalie ngazi. Walikaa nyuma, kwenye viti vya wanaotaka kulia bila kuonekana.

Filamu ilikuwa nzuri, haki ya Mungu. Haikuwa na haraka. Kamera ilitulia kwenye pazia likipanda na kushuka kama kifua cha mgonjwa. Mwigizaji alikohoa kikohozi chenyewe, kile cha mama, kama cha mtu anayeomba radhi. Dada alishtukia mashavu yamelowa.

Ila pale kitandani alikuwepo mtoto wa kiume. Yeye ndiye aliyegeuza, aliyelisha, aliyefuta. Binti hakuwepo.

"Mama, mimi simo," Dada alinong'ona.

"Nyamaza, mwanangu. Tazama anavyonilisha."

Taa zilipowashwa, watu walisimama wakapiga makofi. Mdogo wake akawajia jasho likimtoka.

"Dada, usinielewe vibaya. Hadithi ilitaka mtu mmoja tu."

"Ukajichagua."

"Ni filamu tu, dada."

"Ni nzuri," Dada alisema, na ukweli huo ndio uliomuuma. Ingekuwa mbovu, angeicheka, yakaisha.

Mama aliishika mikono ya mwanawe, akaibusu. "Asante, baba. Ulinitunza." Kisha akamgeukia Dada kwa adabu, kama mtu anavyomgeukia mgeni. "Na huyu dada aliyenisindikiza ni nani? Mungu ambariki."

 Mdogo wake akamshika mama mkono, wakaondoka.

Tangu hapo mama alihamia kwa mwanawe. Jikoni kukawa kimya, pasi ikawa moto Dada apendavyo. Filamu ikapata tuzo. Wiki ile ile simu ikalia.

"Dada, anataka kugeuzwa. Nimshike wapi?"

"Mkono mmoja begani, mwingine kiunoni. Usimvute, mwache aje."

"Haya. Asante." Akakata.

Siku yake ya mapumziko, Dada alikwenda kuitazama filamu tena, kwa kuwa hapakuwa na pengine pa kumwona mama. Alilia palepale alipolia mwanzo. Mwanamke wa kiti cha jirani akampa kitambaa.

"Yule kijana alimpenda mama yake," mwanamke alisema. "Laiti watoto wote wangekuwa hivyo!"

Dada alijifuta macho.

"Alimpenda," akasema, akamrudishia kitambaa, na wakaendelea kutazama.