Nyayo Mbichi za Abdulmajid

Kila asubuhi, kabla wenye maduka ya vitenge hawajafungua, Waridi hutandika gunia kwenye kona ya mtaa wake pale Kariakoo, hulaza bonge la barafu juu yake na kulipiga nyundo. Barafu hiyo huletwa kwa guta kutoka Magogoni, na imegandishwa kwa ajili ya samaki. Akiona gamba ndani yake hulikwangua kwa ukucha, halafu vipande huvitumbukiza kwenye ndoo ya juisi ya ukwaju. Maji ya juisi hiyo huyachemsha mwenyewe mpaka yatokote vya kutosha. Kwa kuchemsha maji Waridi hana mpinzani, na kila mteja ameshaambiwa.

Zamani hakuwa akitumia barafu. Aliianza kwa ajili ya Mboni.

Mboni alihamia ng'ambo ya mtaa na meza yake, kitambaa chake cha maua, na friji aliyopewa na kaka yake. Juisi yake ilikuwa ya ukwaju vilevile, ila baridi. Wateja wa Waridi walivuka mmoja mmoja, tena wakimsalimia wakati wa kuvuka, na salamu hiyo ndiyo iliyomuuma zaidi. Siku alipomwona mumewe, Abdulmajid, amesimama kwenye kile kitambaa cha maua anacheka, Waridi alihisi kifua kinawaka moto.

"Kuanzia leo juisi yangu usiiguse," alimwambia jioni. "Kanywe kwa Mboni wako."

"Nilikuwa namuulizia fundi friji," Abdulmajid alisema. "Nilitaka na wewe upate."

Waridi hakumsikia. Mwenye wivu hasikii la mwadhini wala la mnadi swala. Akanuna, akakaa na kununa kwake wiki kwa wiki, akaagiza barafu.

Kisha tumbo la kuhara likaingia mtaani. Mtaa ule unajulikana kwa jambo moja: mtu akiharisha, maji yanayomtoka hayapotei. Alfajiri hutoka pale alipolala yakiwa nyayo, nyayo zake mwenyewe, mbichi, zikajiendea mpaka pale alipounywa ugonjwa, zikasimama hapo hadi jua lizikaushe. Wauza viatu wanaotandaza bidhaa chini huvuta turubai kidogo zipite, wakaendelea kupanga. Bwana afya naye huzifuata kila yanapozuka maradhi, maana zinampunguzia maswali.

Waridi alizisubiri kwa hamu. Mungu si Athumani, alijisemea, sasa watu watajua kwa Mboni kuna nini. Lakini kabla hajazipata, Abdulmajid akaamka anashika tumbo, akaenda chooni mpaka ikafika mahali hakuweza kurudi kwa miguu yake. Waridi alisahau kununa. Alimpakia kwenye bajaji, macho ya mumewe yameingia ndani na midomo imekauka, akampeleka zahanati kwa Daktari Rupal.

Daktari alimfinya ngozi ya tumbo. Mkunjo ukabaki umesimama, ukashuka taratibu.

"Choo chake kikoje?"

"Kama maji ya kuoshea mchele," Waridi alisema.

Daktari alichukua choo kikapimwe, akamtundikia mgonjwa dripu bila kungoja majibu, na alipoweza kumeza akampa maji ya chumvi na sukari, kidogo kidogo. Akauliza alikokunywa.

"Kwa mke wangu," Abdulmajid alisema.

"Anadanganya, Daktari. Kwangu hanywi tangu tununiane. Andika kwa Mboni."

Daktari aliandika. Wakati akiandika alisema kwamba watu wengi wanachemsha maji vizuri kabisa, halafu wanayatia barafu ya maji ambayo hayakuchemshwa. Vidudu havifi kwa baridi, mama, alisema, vinalala tu. Waridi aliitikia kwa kichwa huku akiifikiria friji ya Mboni.

Alfajiri iliyofuata nyayo zilishuka kitandani pale zahanati. Waridi alizitambua mara moja, maana kidole gumba cha kushoto cha Abdulmajid kimemlalia mwenzake tangu utotoni. Alijifunga khanga akazifuata, na moyoni alikuwa na maneno ya kumwambia Mboni yaliyopangika vizuri. Zilipita kwenye msikiti, zikapita kwa wauza viatu, zikafika kwenye kitambaa cha maua. Hazikupunguza hata mwendo. Zilivuka mtaa.

Mezani kwa Waridi zilikuta nyayo nyingine zimeshafika: za makuli, za kinamama, na za mtoto mmoja aliyekwenda peku. Zile za Abdulmajid hazikusimama mbele na wateja. Zilizunguka nyuma, zikasimama mbele ya kopo ambalo wateja hutia hela Waridi akienda kuswali adhuhuri. Humo kila siku alikuwa akikuta noti iliyokunjwa vile Abdulmajid anavyokunja, na kila siku alijiambia kwamba mumewe amemlipa Mboni, Mboni akamrudishia mtu chenji, mtu huyo akaja kunywa kwake. Sasa alimwona mumewe anavyovizia aende kuswali, anywe juisi ya mkewe, alipe kama mgeni. Hakuna mtu aliyewahi kumpenda hivyo, na alikuwa amemnywesha maji ya samaki.

Bwana afya alikata kona, karatasi ya daktari mkononi. Waridi alichukua gunia la barafu akalitandaza juu ya nyayo zote.

"Shikamoo, mama. Zimeelekea wapi leo?"

"Marahaba. Karatasi yako inasemaje?"

"Kwa Mboni."

"Basi."

Juisi ya Mboni ilimwagwa mtaroni na meza yake ikapakiwa kwenye gari.

"Dada Waridi, mimi maji nachemsha," Mboni alisema. "Unaniona kila siku."

"Hata mimi nachemsha," Waridi alisema, na hilo lilikuwa kweli.

Abdulmajid alirudi nyumbani amekonda. Waridi alimnywesha maji ya chumvi na sukari kwa kijiko, yaliyochemshwa, yakapoa yenyewe. Mume alimwambia, "Daktari nilimwambia kweli." Mke alimwambia, "Kunywa." Siku hiyo aliuza juisi bila barafu, na wateja walionja wakakunja uso, wakauliza Mboni atarudi lini. Kesho yake guta la Magogoni likasimama palepale.

Nyayo bado zinakuja kila alfajiri, na gunia lipo. Ng'ambo ya mtaa, pale meza ilipokuwa, hapajawahi kulowa hata kwa unyayo mmoja. Waridi hupatazama hapo pakavu kwa muda, kifua kikiwaka kama siku ile, halafu huchukua nyundo, kwa sababu wateja wa Mboni nao sasa wamejipanga kwake.