Faili Harifunguki

"Faili harifunguki." Maneno hayo yalikaa mekundu katikati ya kioo cha kompyuta, na dada yangu aliyatazama kama mtu aliyetukanwa nyumbani kwake.

Dada ni daktari wa watoto wenye kifafa. Kompyuta ya kliniki ilikuwa imekata roho, nami nikahamishia kila kitu kwenye mpya. Hifadhidata ya wagonjwa ikagoma. Nywila tulikuwa nayo. Kufuli ndilo hatukulijua. Mtengenezaji wa programu ile alikuwa ameshafariki, bila kumwambia mtu alitumia maktaba ipi, yaani programu ya kuazima, kuficha data. Nilijaribu zote nilizozijua. Nilipata herufi zisizo kichwa wala miguu.

Kwenye korido mama mmoja alilia akimpakata mwanawe, aliyekuwa akishikwa na degedege tena na tena.

"Kuna dawa ilitaka kumwua mwaka jana," dada alisema. "Jina la dawa hiyo limo humo. Sibahatishi na mtoto wa mtu."

Mimi sipigi ramli. Data ikikataa kusema, nasikiliza anayeilinda. Nikalisoma tena lile onyo, safari hii polepole. Harifunguki. Nikacheka kwa sauti, dada akanikata jicho.

Chuoni tulikuwa na mwenzetu tuliyemwita Ra, kwa sababu kila "l" kwake iligeuka "r", hata kwenye maandishi. Tulimtania mpaka tukachoka. Yeye akaendelea kuandika programu safi kuliko zetu sote, na kuzigawa bure.

Nikampigia.

"Haro!"

Moyo wangu ukatulia palepale. Nikamweleza.

"Hiyo maktaba ni yangu, ya zamani sana. Huchanganya nywira na jina ra kompyuta. Ire ya kwanza mriiitaje?"

Nilimgeukia dada. "Ile mashine uliipa jina gani?"

"Bibi," akasema kwa haya. "Ilikuwa inajikongoja."

Nikaibandika mashine mpya jina la Bibi, nikaingiza nywila. Majina ya watoto yakajipanga kiooni. Dada alisoma mstari mmoja tu, akatoka mbio.

Nilibaki nimeshikilia simu, nikisikiliza korido. Kilio cha yule mama kilipungua, kikakoma. Kisha nikamsikia mtoto akidai maji.

Juzi, miaka mingi baadaye, Ra alinipigia. Amegundua kosa la tahajia katika maktaba yake, anaona aibu, anataka kulisahihisha. Nilimpa dada simu.

"Usithubutu," alimwambia.